Lugha ya Hesabu na Kukua kwa Mwalimu: Mfano wa Kisumu na Mwambao wa Ziwa Viktoria

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja: kwamba mwalimu wa hesabu, hasa yule anayefundisha madarasa ya chini katika mwambao wa Ziwa Viktoria upande wa Kenya, hukua katika kazi yake kwa kadiri anavyojifunza kuisikia lugha ambayo wanafunzi wake huhesabia. Aghalabu maendeleo ya mwalimu hupimwa kwa vyeti alivyoongeza, semina alizohudhuria, na alama ambazo wanafunzi wake wamepata katika mitihani. Hatukusudii kuvibeza vipimo hivyo. Hata hivyo, vyote hulitazama tendo la kufundisha kwa nje. Ndani ya tendo hilo mna maneno: mwalimu husema, mtoto husikia, mtoto hujibu, na mwalimu huamua kama jibu hilo ni sahihi au ni kosa. Ikiwa hajui mtoto amesikia nini, basi hata uamuzi wake juu ya kosa hauna msingi.

Yamkini msomaji atauliza kwa nini jambo hili liletwe katika jarida la lugha za Kiafrika badala ya jarida la elimu. Jibu letu ni kwamba mtoto huijua nambari kwanza kama neno. Kabla hajaandika 7, amekwisha kusema saba, au abiriyo, au neno la lugha nyingine ya nyumbani kwao. Pamoja na hayo, vyuo vyetu vimeigawa kazi hii kwa namna inayoacha pengo. Idara za lugha huiacha hesabu kwa idara za elimu. Idara za elimu nazo, zikiisha kutaja sera ya lugha ya kufundishia, huliacha suala la maneno yenyewe kwetu sisi. Mtoto wa Seme au Nyakach huanguka katika pengo hilo, na mara nyingi huambiwa kwamba hana akili ya hesabu.

Eneo tunalolizungumzia ni mji wa Kisumu na nchi iliyouzunguka ziwa, ambalo Wajaluo huliita Nam Lolwe: Kisumu yenyewe, Siaya, Homa Bay na Migori. Lugha kuu ya nyumbani hapa ni Dholuo. Lakini katika mitaa ya mjini kama Kaloleni, Manyatta na Nyalenda, Kiswahili husikika kila siku, pamoja na lugha za Waluhya, Wagusii na wengineo. Katika visiwa vya Rusinga na Mfangano wako Abasuba, ambao lugha yao ya Kibantu imekuwa ikiiachia Dholuo nafasi kwa vizazi kadhaa.

2. Mwalimu katika historia ya mwambao

Reli ya kutoka Mombasa ilifika ziwani mwaka 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, ndipo Kisumu ya leo. Mwaka 1906 wamisionari wa CMS walianzisha shule huko Maseno. Ni katika shule hiyo ambamo tunapata mfano mmoja unaofaa sana kwa hoja yetu. Mwaka 1928 Edward Carey Francis, aliyekuwa mhadhiri wa hisabati katika Chuo Kikuu cha Cambridge, aliacha kazi yake Uingereza akaja Maseno kuwa mwalimu mkuu. Alikaa hapo hadi mwaka 1940, alipohamia Alliance High School karibu na Nairobi. Alifariki mwaka 1966 akiwa bado mwalimu, safari hii katika shule ya sekondari ya Pumwani.

Kwa upande wa maarifa ya hisabati, mtu huyu hakuwa na la kuongeza ili afundishe watoto kujumlisha na kutoa. Alikwisha kuvuka mpaka huo zamani. Hata hivyo, miongoni mwa vitabu alivyotunga ni kitabu cha hesabu cha Kiswahili kwa ajili ya shule za msingi, kilichoitwa Hesabu za Kikwetu. Jina hilo lastahili kutafakariwa na watu wa lugha. Hesabu yenyewe haina kwao: mbili na mbili ni nne Cambridge na Maseno pia. Kilicho cha kikwetu ni namna ya kuisema, mifano inayoibeba, na vipimo vinavyotumiwa. Mtaalamu wa hisabati aliyehitaji kuwa mwalimu alijikuta hana budi kuingia katika kazi ya lugha.

Vizazi vya walimu vilivyofuata havikupewa nafasi hiyo. Mwaka 1962 wataalamu kutoka Marekani, Uingereza na nchi kadhaa za Kiafrika walikutana Entebbe, Uganda, kuandika vitabu vya ile iliyoitwa hisabati mpya. Mtaala wa shule ulijaa seti, makundi na sheria za matendo. Vitabu vya Entebbe viliandikwa kwa Kiingereza, na walimu wengi waliokabidhiwa kuvitumia walikuwa wamefunzwa kwa njia ya zamani. Nchini Kenya hisabati mpya ilifutwa kwa amri ya serikali mwaka 1981. Mwaka 1985 ukaja mfumo wa 8-4-4, na mwaka 2019 mtaala wa umilisi ukaanza kutekelezwa katika madarasa ya chini. Tangu mwaka 2021 vyuo vya ualimu vimeanza kutoa diploma badala ya cheti kilichojulikana kama P1.

Katika mabadiliko hayo yote, mwalimu wa darasa alitazamwa zaidi kama mpokeaji. Mradi uliojaribu kumtazama kwa jicho jingine ni ule wa SMASSE, ulioanzishwa mwaka 1998 kwa ushirikiano wa serikali ya Kenya na Japani ili kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za sekondari. Ulianza katika wilaya 9, na kuanzia mwaka 2003 ukaenezwa nchi nzima. Kituo chake, CEMASTEA, kiko Karen, Nairobi. Mradi huo ulimtaka mwalimu apange somo, alitende, alitazame, kisha aliboreshe. Nyuma yake ilikuwapo desturi ya walimu wa Japani ya kukaa pamoja, kumtazama mwenzao akifundisha, na kulijadili somo hilo baadaye bila kumhukumu mtu. Hapa mwalimu alitambuliwa kuwa mchunguzi wa kazi yake mwenyewe. Tunachoongeza sisi ni kwamba uchunguzi huo haukamiliki mpaka masikio nayo yamefunzwa. Mtu aweza kulitazama somo mara kumi asione kosa lililomo katika neno.

3. Majina ya nambari

Na tuanze na Dholuo. Majina ya moja hadi kumi ni achiel, ariyo, adek, ang'wen, abich, auchiel, abiriyo, aboro, ochiko, apar. Msomaji ataona kwamba auchiel (6) na abiriyo (7) zimebeba ndani yake mabaki ya achiel na ariyo: tano na moja, tano na mbili. Ni hesabu ya mkono mmoja uliojaa na vidole vinavyoanza katika mkono wa pili. Baada ya kumi, lugha hutumia gi, yaani "na", iliyoungana na nambari inayofuata: apar gachiel (11), apar gariyo (12). Makumi yanatajwa waziwazi kwa neno piero: piero ariyo ni makumi mawili (20), piero adek ni makumi matatu (30), na hivyo hivyo hadi piero ochiko (90). Basi 52 ni piero abich gariyo, yaani makumi matano na mbili. Kwa mia na elfu Dholuo imeazima kutoka Kiswahili: mia na alufu.

Kiswahili kina historia nyingine. Moja hadi tano, pamoja na nane na kumi, ni za Kibantu. Sita, saba na tisa zimetoka katika Kiarabu, zikachukua mahali pa tandatu, fungate na kenda. Kenda bado linasikika kwa baadhi ya wasemaji; fungate limebaki katika siku saba za maarusi, na wengi walitumiao hawakumbuki kwamba ni nambari. Athari ya historia hiyo imeingia hata katika sarufi: twasema samaki wawili, watatu, wanane, lakini samaki sita, saba, tisa, bila upatanisho. Mtoto wa Dholuo, ambaye lugha yake haibadilishi nambari kwa kufuata nomino, hukutana hapa na kanuni mbili kwa wakati mmoja: nambari zinazobadilika na nambari zisizobadilika. Mwalimu asiyeyajua haya humwona mtoto amechanganyikiwa, kumbe lugha yenyewe ndiyo yenye tabaka mbili.

Jambo kubwa zaidi ni makumi. Kumi na moja na kumi na mbili ziko wazi kabisa katika Kiswahili, wazi kuliko katika Kiingereza, ambacho majina yake ya 11 na 12 hayataji kumi hata kidogo. Lakini kuanzia ishirini hadi tisini, Kiswahili kimechukua majina ya Kiarabu: ishirini, thelathini, arobaini, hamsini. Katika hamsini hakuna tano inayosikika kwa mtoto. Neno hilo limetoka katika hamsa, ambalo mtoto wa Kisumu hana. Kwake yeye hamsini ni jina tu, kama lilivyo jina la mtu au la kijiji.

Inafaa kukumbuka kwamba lugha ya Kijapani hulitaja 20 kama mbili-kumi, na kwamba wataalamu wa saikolojia wamejadili kwa muda mrefu kama uwazi wa namna hiyo huwasaidia watoto wa Asia ya Mashariki kuelewa thamani ya tarakimu mapema. Mjadala huo haujafungwa, kwa maana malezi, shule na mazoezi navyo vina sehemu yake. Kwa hiyo hatusemi kwamba mtoto wa Dholuo ni bora katika hesabu kwa sababu ya majina ya nambari. Tunasema neno dogo zaidi: kwamba anayo mikononi mwake zana ambayo shule haimwambii aitumie.

4. Makosa ambayo ni ya lugha

Sasa tuitazame zana hiyo katika kazi. Hesabu ya 52 kutoa 27 huwasumbua watoto wa nchi nyingi. Mtoto huona 2 na 7 katika safu ya mamoja, akatoa ndogo kwa kubwa, akapata 5. Kisha 5 toa 2 ni 3. Jibu lake 35. Mwalimu humwambia "akope" moja kwa jirani. Kukopa ni neno la dukani: anayekopa hurudisha, na hapa hakuna kinachorudishwa. Tena anayeambiwa akope moja hupewa kumi, jambo ambalo hakuna mwenye duka alifanyalo.

Maelezo yaliyo karibu zaidi na ukweli ni haya. Piero abich gariyo: makumi matano na mbili. Fungua kumi moja. Yamebaki makumi manne, piero ang'wen, na lile kumi lililofunguliwa likiungana na mbili ni apar gariyo. Katika apar gariyo toa abiriyo, hubaki abich. Katika piero ang'wen toa piero ariyo, hubaki piero ariyo. Jibu ni piero ariyo gabich, 25. Kila hatua ya karatasi imesemwa na lugha yenyewe. Mwalimu wa Kiswahili naye aweza kuipata faida hiyo kwa kurudi kwenye maneno tuliyo nayo tayari: makumi matano na mamoja mawili. Mtoto akiisha kulielewa jambo, aambiwe kwamba makumi matano, kwa jina la mkato, ni hamsini.

Mfano wa pili ni maneno ya matendo. Katika Dholuo, kwano ni kuhesabu na pia ni kusoma. Medo ni kuongeza, golo ni kutoa, pogo ni kugawa na kutenganisha. Kutokana na pogo tunapata pogruok, yaani tofauti. Hapa pana mtego. Kitabu cha Kiingereza kinapouliza tofauti baina ya 12 na 3, kinataka kutoa, na jibu ni 9. Mtoto akilitafsiri neno hilo moyoni kwa pogruok, anajikuta katika ukoo wa neno la kugawanya, na jibu lake laweza kuwa 4. Jibu hilo si la kubahatisha. Limefuata njia, na mwalimu anayeijua njia hiyo aweza kumrudisha mtoto kwa sentensi moja: Kumi na mbili inazidi tatu kwa ngapi? Kitenzi chetu cha kuzidi, pamoja na kihusishi kwa, hulibeba wazo la tofauti bila kuligusa la kugawanya.

Mfano wa tatu uko katika Kiswahili chenyewe. Elfu ishirini na tano ni ngapi? Wengi watasema 25,000, lakini 20,005 nayo husemwa kwa maneno yayo hayo, na kinachotofautisha ni kituo cha sauti. Sokoni hali ya biashara hueleza kinachokusudiwa. Darasani hali hiyo haipo, na mwalimu anayesoma imla ya nambari hulaumu masikio ya mtoto. Si ajabu basi kwamba baadhi ya wasemaji husema ishirini na tano elfu ili kuondoa utata.

Mfano wa nne ni saa. Kiswahili na Dholuo zote huanza kuhesabu saa za mchana kwa macheo: saa tatu, saa adek, ndiyo ile ambayo mshale wa saa ya ukutani unaonyesha 9. Walimu wengi huuona utaratibu huo kama kikwazo cha kuondolewa. Lakini na tufanye hesabu. Kutoka saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana ni saa ngapi? Nane toa tatu ni tano, basi. Kwa Kiingereza mtoto yule yule hutakiwa kwenda kutoka 9 hadi 2, naye lazima avuke 12. Kinyume chake, kutoka saa kumi jioni hadi saa mbili usiku, Kiswahili ndicho kinachovuka, na Kiingereza kina 4 hadi 8, kazi nyepesi. Tatizo, basi, halimo katika lugha moja wala nyingine. Kila moja imeweka mwanzo wa duara mahali pake. Mwalimu anayeweza kuliona hilo ana mikononi mwake somo zuri la hesabu ya duara, ambalo watoto wengi wa Ulaya hukutana nalo baadaye sana.

5. Soko na darasa

Mwambao wa ziwa ni nchi ya biashara. Katika ufuo wa Dunga, na katika soko la Kibuye mjini Kisumu, watoto huwasaidia mama zao kuuza omena, ngege na mbuta. Omena wakavu hupimwa kwa mkebe uitwao gorogoro, ambao ukijazwa mahindi hukaribia kilo mbili. Ukijazwa omena, uzito ni mwingine. Muuzaji analijua hilo bila kufundishwa: gorogoro ni kipimo cha ujazo, si cha uzito. Neno letu kipimo hulifunika jambo hili, kwa kuwa hutumika kwa vyote viwili. Pwani nako kulikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na methali ya haba na haba bado yakitaja kibaba hata kwa wasiowahi kukiona.

Kwamba ujuzi wa soko waweza kuwapo bila kuingia darasani si dhana tupu. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha uchunguzi wao kutoka Recife, Brazili, juu ya watoto watano waliokuwa wakiuza vitu mitaani na sokoni. Penye biashara, watoto hao walijibu sawa asilimia 98 hivi ya maswali. Walipopewa hesabu za aina hiyo hiyo kwa maandishi, zikiwa ni tarakimu tupu, kiwango kilishuka hadi asilimia 37 hivi; zilipotolewa kama visa vya maneno, ilikuwa asilimia 74 hivi. Watoto watano ni wachache, na Recife si Kisumu. Hata hivyo, mpangilio wa matokeo hayo wasema jambo: maneno yaliyosimulia hali halisi yalirudisha nusu na zaidi ya kile kilichopotea.

6. Hatua za kukua

Kwa kuyafuata haya, twaweza kueleza kukua kwa mwalimu kwa hatua nne. Hatuzitoi kama ngazi ya kupandia vyeo. Mwalimu mmoja aweza kuwa katika hatua ya tatu kwa somo la kutoa na katika hatua ya kwanza kwa somo la sehemu.

Katika hatua ya kwanza, mwalimu hukariri. Anayo kanuni, naye huitoa kwa maneno aliyoipokea kwayo. Kosa kwake ni kukosekana kwa jibu, na dawa yake ni kurudia kwa sauti kubwa zaidi. Tusimdharau, madarasa yetu ni makubwa na vitabu ni vichache, na kukariri ndiko kulikomwezesha yeye mwenyewe kufaulu.

Katika hatua ya pili, husikia. Anaanza kuuliza, Umepataje? na kulisubiri jibu katika lugha yoyote itakayokuja. Hapa hutokea badiliko kubwa kuliko yote, nalo halihitaji fedha. Kosa la 35 tulilolitaja huacha kuwa uzembe, likawa habari. Kwa mwalimu aliyelelewa katika shule ambamo kusema lugha ya nyumbani kulikuwa kosa la kuadhibiwa, hatua hii si rahisi. Inamdai akubali kwamba kile alichoadhibiwa nacho kilikuwa zana.

Katika hatua ya tatu, hupanga lugha ya somo kama anavyopanga mifano ya ubaoni. Huamua mapema wapi atatumia piero, wapi atasema makumi, na ni wakati gani ataleta jina la Kiingereza ambalo mtoto atakutana nalo katika mtihani. Hachanganyi lugha kwa sababu ameishiwa na maneno. Huhama kutoka moja kwenda nyingine kwa kusudi, naye aweza kulieleza kusudi hilo.

Katika hatua ya nne, huwashirikisha wenzake. Huandika katika daftari majibu ya watoto, neno kwa neno, pamoja na lugha waliyoyatoa. Walimu watatu wa shule moja wakiketi na madaftari hayo Ijumaa alasiri, hiyo tayari ni semina, na bidhaa yake ni maarifa mapya ambayo hata chuo kikuu hakina.

7. Pingamizi

Pingamizi la kwanza ni kwamba mjini Kisumu darasa moja lina watoto wa lugha nyingi, na mwalimu mwenyewe huenda si Mjaluo. Ni kweli. Taarifa ya Kamati ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipopendekeza lugha ya eneo itumike katika miaka mitatu ya kwanza, ugumu wa miji ulijulikana tayari. Lakini mwalimu hahitaji kuisema lugha ya kila mtoto. Anahitaji kujua kwamba jina la nambari lina umbo, na kumwomba mtoto amweleze umbo la jina lake. Mtoto akieleza jinsi kwao wasemavyo 30, darasa zima hujifunza thamani ya tarakimu.

Pingamizi la pili ni kwamba vitabu na mitihani ya hisabati nchini Kenya ni kwa Kiingereza, kwa hiyo lugha nyingine ni kupoteza wakati. Wakati unaopotea ni ule wa kurudia kanuni isiyoeleweka. Anayeelewa makumi matano na mbili hujifunza jina la Kiingereza la nambari hiyo kwa muda mfupi. Anayelijua jina pekee hawezi kujifunza makumi kutoka kwalo.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wenzetu wa Kiswahili, wanaosema kwamba kazi yetu ni fasihi, sarufi na isimu. Watanzania, walioifanya lugha hii kuwa ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali kufuatia siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, walilazimika kusanifu mlinganyo, kipeuo, mzingo na kipenyo. Wanafunzi wetu wa Kenya husoma istilahi hizo kama mifano ya uundaji wa maneno, hali kijana wa sekondari ya Ahero au Bondo hazijui wala hazihitaji. Istilahi isiyotumiwa kufanya hesabu ni istilahi iliyo kabatini.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba baadhi ya makosa ya hesabu ni makosa ya lugha, kwamba lugha za mwambao zina njia zake za kuiweka wazi thamani ya tarakimu, na kwamba mwalimu hukua anapojifunza kuzisikia njia hizo na kuzipanga. Ikiwa hoja hii ina ukweli, basi sehemu ya mzigo yatuangukia sisi.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, idara zetu zikusanye majina ya nambari, vipimo, sehemu na matendo ya hesabu katika lugha za eneo la ziwa, Olusuba ikitangulia kwa sababu wasemaji wake wazee hawatatungoja. Pili, kila mwanafunzi wa ualimu wa shule za msingi apate somo la lugha ya hesabu, likifundishwa kwa pamoja na mtu wa lugha na mtu wa hisabati, katika chumba kimoja na kwa saa moja. Tatu, majarida kama hili yafungue kurasa chache kwa ajili ya madaftari ya walimu: kosa, lugha ya kosa, na lile lililosaidia. Kurasa hizo hazitahitaji nadharia kubwa. Zitahitaji uaminifu katika kuandika kile ambacho mtoto alisema, na wahariri walio tayari kukisoma kwa makini ile ile tunayoisomea mashairi.